Kushindwa Tunavumilia, Kuzungushwa Hapana: Tathmini ya Vipengele Vinavyomfanya Mchezaji Auache Mchezo wa Video

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa na mazoea ya kuandika, kila ninapouacha mchezo wa video kabla ya kuumaliza, mahali hasa nilipoishia na jambo nililokuwa nikilifanya dakika ile. Hivi karibuni niliyapitia maandishi hayo yote kwa mkupuo mmoja, nikitarajia kukuta orodha ya maadui wakali walionizidi nguvu, na sikuikuta. Michezo iliyonitesa kwa ugumu niliimaliza karibu yote, mingine baada ya wiki nzima ya kurudia pambano moja. Niliyoiacha ni ile iliyonitaka nimfuate mtu anayekwenda taratibu kuliko mbio zangu na haraka kuliko mwendo wangu wa kawaida, iliyonisomea maelezo niliyokwisha kuyajua, au iliyoniambia nisubiri saa nne ukuta ujengwe na kunionyesha pembeni bei ya kutosubiri.

Kushindwa na kuzungushwa ni mambo mawili tofauti, ingawa yote humgharimu mchezaji muda. Anayeshindwa anajua alikosea wapi, au angalau anajua kwamba jibu lipo na liko ndani ya uwezo wake, na anapoanza upya anaanza akiwa na kitu alichojifunza. Anayezungushwa hana alichokosea. Ametimiza kila alichoambiwa, kisha anaelekezwa dirisha jingine, na huko anaambiwa arudi kesho. Ndiyo maana katika tathmini hii ninavipima vipengele vya michezo kwa swali moja, yaani kama kinamshinda mchezaji au kinamzungusha, nikichukua mifano kutoka michezo inayojulikana sana, ambayo kasoro zake zimejadiliwa hadharani na nyingine zimekwisha kurekebishwa na watengenezaji wenyewe.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ninauona katika kazi za kampuni ya FromSoftware ya Japani. Mchezo wake wa Dark Souls, uliotoka mwaka 2011, ulijipatia sifa ya ugumu duniani kote, lakini mtu akiuchunguza kwa utulivu atagundua kuwa ndani yake mlikuwa na mizigo miwili iliyofungwa pamoja. Mzigo wa kwanza ni pambano lenyewe, ambalo linamdai mchezaji asome mwili wa adui, ajue wakati wa kukwepa na wakati wa kupiga, na asilewe tamaa ya pigo moja la ziada. Mzigo wa pili ni safari. Aliyeuawa na adui mkuu hurudishwa kwenye moto wa mwisho alikopumzika, na mara nyingi moto huo uko mbali, hivyo kabla ya kujaribu tena hulazimika kupita korido zilezile na kuwakimbia walinzi walewale aliokwisha kuwakimbia mara kumi. Kampuni hiyohiyo ilipotoa Elden Ring mwaka 2022, iliweka vinyago vidogo karibu na maadui wengi wakuu ili anayekufa aweze kufufukia palepale. Maadui hawakulegezwa hata kidogo, na wengine ni wakali kuliko wale wa zamani. Kilichopunguzwa ni mwendo usio na somo. Wachezaji waliokuwa wakisema hawawezi michezo ya aina hii walibaki, wakafa mara hamsini kwa adui mmoja, na bado walirudi.

Celeste, mchezo wa mwaka 2018 kuhusu msichana anayepanda mlima, unakwenda mbali zaidi katika njia hiyohiyo. Mchezaji hufa mamia ya mara, na kila anapokufa hurudishwa mwanzoni mwa chumba alichomo karibu papo hapo, kabla hata kidole hakijatoka kwenye kitufe, kiasi kwamba hasira haipati nafasi ya kukaa. Juu ya hayo, menyu yake ina mpangilio wa msaada unaomruhusu mchezaji kupunguza kasi ya mchezo, kupewa nguvu za kukwea zisizokwisha, au kutodhurika kabisa. Wapo wanaodai kuwa msaada wa namna hiyo unaua maana ya mchezo. Sikubaliani nao, kwa sababu hauwashwi na mchezo bali na mtu mwenyewe, na yule asiyeuhitaji hata haoni kuwa upo.

Baada ya ugumu, ninaloliangalia kwa makini kuliko mengine ni mwanzo. Kila mchezo mpya ninaoutathmini, ninaandika dakika ambayo kwa mara ya kwanza niliruhusiwa kufanya jambo kwa hiari yangu. Super Mario Bros. ya mwaka 1985 bado ni kipimo kizuri, ingawa ina zaidi ya miaka arobaini: mhusika amesimama upande wa kushoto wa skrini, kulia kuna nafasi tupu inayomwita, na mara anatokea adui mdogo anayemjia. Asiporuka atakufa, na hasara yake ni sekunde chache tu. Akiruka, huenda kichwa chake kikagonga kisanduku chenye alama ya kuuliza na sarafu ikachomoka. Hakuna neno lililoandikwa kumweleza lolote, na kabla dakika haijaisha amekwisha kujifunza kukimbia, kuruka, kuogopa na kutamani.

Ukilinganisha na hapo, michezo mingi mikubwa ya baadaye humtafunia mchezaji hadi asibakiwe na cha kutafuna. Kingdom Hearts II ya mwaka 2005 humweka kwa saa kadhaa katika mwili wa kijana ambaye si yule shujaa ambaye kwa ajili yake alinunua mchezo, akifanya vibarua vya mtaani na kuzungumza na marafiki. Kisa hicho baadaye kinageuka kuwa cha kusikitisha kwelikweli, nami nilikipenda, lakini ninawaelewa waliochoka kabla ya kufika huko. Final Fantasy XIII, ya mwaka 2009, ilikuwa na tatizo kubwa zaidi: sura zake kumi za mwanzo kwa sehemu kubwa ni njia moja nyembamba, na uwanda mpana ambao mtu anaweza kuchagua pa kwenda haufunguki hadi sura ya kumi na moja, ambayo kwa wachezaji wengi huja baada ya takriban saa 20. Mashabiki waliokuwa wakiutetea walikuwa wakiwaambia wenzao wavumilie, kwani mbele mambo yatakuwa mazuri. Saa 20 ni muda wa kumaliza mchezo mwingine mzima, na Portal, mchezo wa mafumbo wa mwaka 2007 ambao bado unatajwa kwa heshima, humalizika kwa sehemu ndogo tu ya muda huo.

Kuna pia mafunzo yasiyokoma. The Legend of Zelda: Skyward Sword, uliotoka mwaka 2011, ulimpa mchezaji mwenzi aitwaye Fi, roho inayoishi ndani ya upanga, ambaye hujitokeza kumrudia maneno aliyotoka kuambiwa na mtu mwingine sekunde chache zilizopita, na hata kumkatiza ili amwarifu kuwa betri za kidhibiti zinapungua. Si hivyo tu: kila mchezaji alipouwasha mchezo upya, vitu vidogovidogo alivyokwisha kuviokota mara nyingi, kama wadudu na mabaki ya maadui, vilisimamisha mchezo na kujitambulisha tena kana kwamba ni vigeni. Toleo lililoboreshwa la mwaka 2021 liliondoa karibu kero hizo zote, likimwacha mchezaji amwite Fi pale anapomhitaji, na mchezo uleule ukawa mwepesi kwa namna ambayo mtu hawezi kuiamini mpaka ayacheze matoleo yote mawili. Mapango, mapambano na muziki havikuguswa. Kilichobadilika ni kwamba mchezo ulianza kumwamini mchezaji.

Kuhusu sinema zinazokatiza mchezo, msimamo wangu ni mfupi: sinema isiyorukika ikiwekwa mbele ya pambano gumu ni kosa lisilo na utetezi. Kingdom Hearts ya kwanza, katika toleo lake la mwaka 2002, haikuwa na njia ya kuziruka, na aliyeshindwa na mpinzani mkali ilimbidi asikilize upya maongezi aliyoweza kuyakariri neno kwa neno. Ndugu ya kosa hilo ni vitufe vya ghafla, ambapo mchezaji ameegemea kiti akitazama sinema, kisha alama inatokea kwenye skrini na asipobonyeza kwa haraka mhusika anachinjwa. Resident Evil 4 ya mwaka 2005, ambayo ninaihesabu miongoni mwa michezo bora iliyowahi kutengenezwa, ilikuwa na pambano zima la visu lililoendeshwa hivyo, nalo lilimpima mchezaji kumbukumbu ya vitufe kuliko ustadi. Waliouunda upya mchezo huo mwaka 2023 waliligeuza kuwa pambano halisi, ambamo mtu anakwepa na kukinga kwa uamuzi wake mwenyewe. Kisa ni kilekile na wahasimu ni walewale, ila sasa anayeshinda anajua kuwa ni yeye aliyeshinda.

Kusubiri mchezo upakie data zake ni kero ambayo wengi tumeizoea hadi tukadhani ni sheria ya maumbile. Grand Theft Auto Online ilianza mwaka 2013, na kwa miaka mingi wachezaji wake kwenye kompyuta walikaa dakika kadhaa wakitazama mawingu kabla ya kuingia. Mwaka 2021 mtu mmoja asiye mfanyakazi wa kampuni hiyo aliamua kuchunguza kinachofanyika ndani ya dakika hizo, akagundua kuwa mchezo ulikuwa ukisoma faili moja ya takriban megabaiti 10, yenye orodha ya makumi ya maelfu ya bidhaa zinazouzwa ndani yake, kwa njia ya ajabu: kila ulipochukua kipande kidogo cha maandishi, ulihesabu upya urefu wa maandishi yote yaliyobaki hadi mwisho, kisha kila bidhaa ulilinganisha na zote zilizotangulia kuhakikisha haijarudiwa. Marekebisho yake yalipunguza muda wa kusubiri kwa takriban asilimia 70. Kampuni ilikubali, ikayaingiza marekebisho hayo kwenye sasisho rasmi na kumlipa dola 10,000. Ninaushukuru uungwana huo, lakini nikifikiria ni mamilioni mangapi ya saa za watu yaliyoyeyuka kwa miaka mingi kwa sababu ya orodha ya bidhaa, ninasikitika kwa dhati. Kasoro ya aina hiyo haionekani katika tathmini ya wiki ya kwanza, kwa kuwa mtathmini husubiri mara chache na mchezaji husubiri kila jioni.

Menyu nazo zina sehemu yake. Hekalu la Maji katika The Legend of Zelda: Ocarina of Time ya mwaka 1998 lilichukiwa na wengi, na mara nyingi chuki hiyo ilielekezwa kwenye fumbo lenyewe la kupandisha na kushusha maji. Kwa maoni yangu fumbo lile lilikuwa zuri. Uchovu ulitoka kwenye viatu vya chuma, ambavyo mchezaji alilazimika kusimamisha mchezo, kufungua menyu na kuvivaa kila alipotaka kuzama, kisha kurudia hayo yote ili aelee. Toleo la mwaka 2011 liliviweka viatu kwenye kitufe na kuongeza alama za rangi kwenye njia, na watu wengi wakagundua kuwa hekalu hawakulichukia hata siku moja. Maandishi madogo yasiyosomeka, kama yale ya Dead Rising ya mwaka 2006 kwa waliokuwa na televisheni za kawaida, ni kosa la ukoo huohuo, nalo halina kisingizio tena tangu The Last of Us Part II ilipotoka mwaka 2020 na mipangilio zaidi ya 60 ya kuwawezesha watu wenye uoni, usikivu na mikono ya aina mbalimbali kuucheza.

Ninafika sasa kwenye ulimwengu mpana, kipengele kinachouza michezo mingi na kuifukia mingi vilevile. Assassin's Creed ya mwaka 2007 ilileta minara ya kupanda ambayo ikishafikiwa kileleni huijaza ramani alama, na kwa muda mrefu baada ya hapo minara hiyo ilisambaa, hasa katika michezo ya Ubisoft, ikiwemo Far Cry 3 ya mwaka 2012. Mara ya kwanza, kupanda ni furaha. Mara ya kumi na tano, mchezaji hatazami tena mandhari bali anafagia alama kutoka kwenye ramani, na macho yake yako kwenye kona ya skrini kuliko kwenye dunia ambayo mamia ya wachoraji waliijenga kwa miaka. Katika Assassin's Creed IV: Black Flag ya mwaka 2013, bahari yenyewe ni ya kupendeza na mashua inaendeshwa vizuri mno, lakini kisa kikuu kinamteremsha mchezaji nchi kavu tena na tena ili awafuate watu wawili wanaozungumza, asiwakaribie wala kuachwa nyuma, na akionekana aanze upya. Hapo kushindwa na kuzungushwa vimevaa nguo moja.

Dragon Age: Inquisition ya mwaka 2014 inatoa somo la ajabu zaidi. Eneo lake la kwanza kubwa, Hinterlands, limejaa kazi ndogondogo za kuokota majani, kuwinda kondoo dume na kufunga nyufa angani, kiasi kwamba wachezaji waangalifu walibaki humo kwa saa nyingi wakidhani wajibu wao ni kulimaliza, na ilibidi watengenezaji na wachezaji wenzao wawahimize watoke wakaendelee na kisa. Hawakuwa wamekosea. Mchezo uliwafundisha tangu mwanzo kuwa kila alama ni deni.

The Legend of Zelda: Breath of the Wild, wa mwaka 2017, pia una minara, ila minara yake huonyesha umbo la nchi tu, na mchezaji ndiye anayesimama juu, akaangaza, akaona moshi au mwamba wenye sura ya kutiliwa shaka na kuweka alama kwa mkono wake. Mbegu za Korok zilizofichwa humo ni 900, idadi ambayo katika mchezo mwingine ingekuwa mateso, lakini mbegu 441 zinatosha kuongeza nafasi zote za kubebea silaha, ngao na pinde. Zilizosalia zipo ili popote mtu anapokwenda akute kitu, wala hakuna anayemdai azikusanye zote. Ni mchezo huohuo, lazima niongeze, ambao watu wengi wanasema waliuacha kwa sababu silaha zake huvunjika. Nimelifikiria sana lalamiko hilo na bado nipo upande wa mchezo. Upanga unaovunjika katikati ya pambano unamlazimisha mtu kunyakua rungu la adui, kusukuma jiwe kutoka mlimani au kukimbia, na mbinu zote hizo ni mchezo. Ninachokubaliana nacho ni kwamba wapo wachezaji ambao raha yao ni kumiliki kitu kimoja na kukitunza, na kwao kila silaha inayovunjika ni hasara isiyofidiwa. Hao hawajazungushwa, ila mchezo haukutengenezwa kwa ajili yao.

Kinyume cha hapo ni maendeleo yasiyo na maana. Katika The Elder Scrolls IV: Oblivion ya mwaka 2006, maadui wengi huongezeka nguvu pamoja na mchezaji, hivyo baada ya makumi ya saa za kujijenga, majambazi wa barabarani wanaodai vijisenti humtokea wakiwa wamevaa deraya za thamani kubwa kuliko kijiji kizima. Nia ilikuwa njema, yaani mtu aweze kwenda popote wakati wowote bila kukuta pepesi mno au pagumu mno. Matokeo yake ni kwamba nguvu alizozitafuta hazikuonekana mahali popote, na anayejiuliza kwa nini aliendelea kujijenga hapati jibu.

Hata hivyo, hakuna kipengele kinachovunja imani ya mchezaji kama mchezo uliotengenezwa uchoshe kwa makusudi ili nafuu iuzwe. Candy Crush Saga, ya mwaka 2012, humpa mtu maisha matano na kila moja linalopotea hurudi baada ya dakika 30, asipolinunua. Huo angalau ni uwazi, na kwa mchezo wa dakika chache ninaweza kuuvumilia. Dungeon Keeper ya simu, iliyotoka kwa upana mwaka 2014, ilichukua jina la mchezo ulioheshimiwa tangu mwaka 1997, ambao raha yake kuu ilikuwa kuchimba mahandaki, na ikafanya kipande kimoja cha mwamba mgumu kichukue hadi saa 24 kuchimbwa, mchezaji asipolipa. Mwaka huohuo mamlaka inayosimamia matangazo nchini Uingereza iliamua kuwa tangazo lililouita mchezo huo wa bure lilikuwa likipotosha. Uamuzi huo ulikuwa wa haki: kinachotolewa bure hapo ni kusubiri.

Katika michezo inayolipiwa bei kamili, jambo hili linauma zaidi. Middle-earth: Shadow of War, wa Oktoba 2017, una mfumo wa kupendeza ambamo maadui wanamkumbuka mchezaji, wanalipiza kisasi na kurudi na makovu ya vita vilivyopita. Juu ya mfumo huo liliwekwa soko la masanduku ya bahati nasibu yenye askari, na sehemu ya mwisho ya mchezo ilirefushwa kwa mizunguko ya kulinda ngome ambayo ilionekana kumwelekeza mtu dukani. Mwaka 2018 watengenezaji wenyewe walikiri kuwa kununua askari kunahujumu moyo wa mchezo wao, wakalifuta soko na kuifupisha sehemu ile. Star Wars Battlefront II, wa Novemba 2017, uliweka bei ya alama 60,000 kwa shujaa mmoja mkubwa kama Darth Vader. Kilio kilipozidi bei ilipunguzwa kwa asilimia 75, na saa chache kabla ya siku ya kutoka rasmi, ununuzi kwa fedha halisi ulisimamishwa. Mwezi Aprili 2018 tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji ilitamka kuwa masanduku ya aina hiyo katika michezo kadhaa yanakiuka sheria za kamari za nchi hiyo.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Diablo III, kwa sababu hapo hakuna aliyedhulumiwa na bado raha ilikufa. Mchezo ulipotoka mwaka 2012 ulikuwa na mnada ambamo wachezaji waliuziana vifaa, hata kwa fedha halisi. Kila mtu alipata alichotaka kwa bei ya soko. Lakini moyo wa mchezo huo ni kumwua jitu na kuinama kuona limeangusha nini, na baada ya mnada, kilichoanguka karibu kila mara kilikuwa duni kuliko kile kinachopatikana sokoni kwa bei nafuu. Mnada ulifungwa tarehe 18 Machi 2014, na ndipo kuinama kukawa na maana tena.

Kazi za kila siku na pasi za msimu, yaani orodha za zawadi zinazopatikana kwa kipindi maalumu tu, zinafuata mantiki inayokaribiana na hiyo, ingawa hapa ninasita kidogo kuhukumu. World of Warcraft, kabla ya kutoka mwaka 2004, ilikuwa ikijaribiwa na kanuni ya kupunguza kwa nusu pointi za uzoefu za anayecheza muda mrefu, ili apumzike. Waliojaribu waliichukia. Watengenezaji hawakubadilisha hesabu. Waligeuza maelezo tu, kile kiwango kamili kikaitwa ziada ya aliyepumzika na ile nusu ikawa kiwango cha kawaida, na watu wakafurahi. Kwa hiyo ninakubali kwamba hisia ya kuzungushwa wakati mwingine iko katika namna jambo linavyosemwa. Lakini mchezo unaomwambia mtu kuwa asipoingia leo atakosa vazi ambalo halitarudi, haumpi pumziko la aina yoyote. Mchezaji wa namna hiyo hubaki kwa muda mrefu, kisha siku moja anaumwa au anasafiri, mfululizo unakatika, na anagundua kuwa hana hamu ya kurudi.

Lililo baya kuliko yote ni mlango unaofungwa na mtu mwingine. SimCity ya Machi 2013 ilimlazimu hata anayejenga mji wake peke yake kuunganishwa na seva za kampuni, na seva hizo zilizidiwa siku za mwanzo hadi watu waliolipa wakashindwa kuingia. Uwezo wa kucheza bila mtandao ulikuja mwaka mmoja baadaye. The Crew, mchezo wa magari wa mwaka 2014, seva zake zilizimwa tarehe 31 Machi 2024, na siku hiyo hata barabara za kuendesha peke yako zikafungwa. Mchezaji hapa hakupoteza hamu, amenyang'anywa, nami siwezi kuupa alama nzuri mchezo wowote wa mtu mmoja unaohitaji ruhusa ya mbali ili uwake.

Limebaki jambo moja dogo, nalo ndilo linalojirudia zaidi katika maandishi yangu: kuhifadhi. Mtu mzima mwenye shughuli hana saa mbili zisizokatizwa, na mchezo usiomruhusu kuhifadhi anapoitwa humfanya achague kati ya anayemwita na dakika arobaini za jasho lake. Mchezo mmoja niliouacha miaka kadhaa iliyopita ulikuwa wa aina hiyo. Sehemu yake ya mwisho, ndefu na nzuri, haikuwa na mahali pa kupumzikia, na mara tatu niliitwa nikiwa katikati. Baadaye lilitoka sasisho lenye mistari michache, na mmoja wao ulisema kuwa sasa mchezaji anaweza kutoka wakati wowote na kurejea alipokuwa. Niliupakua tena usiku uleule, nikatoka mara mbili kushughulikia mambo ya nyumbani, na kabla ya kulala nilikuwa nimeumaliza.